Boliti Kumi na Nane za Si Ijo

Gasketi zangu hazivuji. Neno hili nimelisema kwa miaka kumi na moja. Nimelisema sokoni, nimelisema kwenye harusi za watu, na mara moja nililisema msibani mpaka mume wangu akanifinya. Nimeliandika hata juu ya mlango wa gereji yangu, kwa rangi nyekundu: FUNDI MIDA LUBIS. HAIVUJI. Kwa hiyo mtaelewa hali yangu Jumatano ile, siku tatu kabla ya baba mkwe wangu kuondoka kwenda Makka, nilipoona doa jeusi kwenye vigae vyeupe vya uani kwake, ambako na sisi tunaishi, chini ya gari nililolifunga gasketi kwa mikono yangu mwenyewe.

Doa lilikuwa na ukubwa wa sinia. Katikati yake alikuwa amesimama Pak Sumarjono, mjumbe wa mtaa wetu, na makubazi meupe mapya aliyoyanunua kwa ajili ya msafara wa kumsindikiza mzee.

"Pak, umekanyaga oili," nikamwambia.

"Ah, hapana neno, Mbak Mida. Vigae hivi vizuri sana. Laini."

"Laini kwa sababu umekanyaga oili."

"Na hali ya hewa nayo nzuri leo," akasema, akajiondoa taratibu, akiacha nyayo nyeusi mpaka getini, tabasamu haliondoki usoni.

Ndivyo walivyo watu hawa. Nimeishi nao hapa Java miaka kumi na miwili na nawapenda, lakini kuna siku natamani kumshika mmoja mabega nimtikise mpaka neno lidondoke. Kwetu Mandailing, upande wa Sumatra, mtu akikukanyaga mguu unamwambia, na akikanyaga tena unamtajia na mama yake. Hapa ukimkanyaga mtu mguu, yeye ndiye anayeomba radhi kwa kuuweka mahali pabaya. Mume wangu Wiryanto, mwalimu wa hesabu, katika ndoa yetu yote hajawahi kuniambia kwamba chakula kimezidi chumvi. Anakunywa maji tu, na mimi nahesabu glasi.

Gari lenyewe ni la zamani, refu, la kijani, ndiyo maana linaitwa Si Ijo, Kijani. Ni la baba mkwe wangu, Mzee Sastro, aliyekuwa msimamizi wa mifereji ya mashamba ya mpunga mpaka alipostaafu. Yeye na mkewe waliandikishwa kwenda hija miaka kumi na minne iliyopita, maana foleni ya kwetu ni ndefu. Mkewe hakuifikia zamu. Jina la mzee lilipotoka mwaka huu, mtaa mzima ulifurahi, binamu mmoja akajitolea kukodi basi dogo lenye viyoyozi la kumpeleka bomani, ambako ndiko mahujaji wote wanakutana na kupanda mabasi makubwa ya uwanja wa ndege. Mzee akashukuru sana. Kisha akanifuata gereji, akasimama mlangoni kwa muda mrefu akizisifu spana zangu, na mwisho akasema angependa, kama haitamsumbua mtu, kwenda kwa Si Ijo, kwa sababu rangi ile ilichaguliwa na marehemu.

Ninataka mjue kwamba lilikuwa jambo la kwanza alilowahi kuniomba. Miaka kumi na miwili, sijawahi kusikia kwake "nipe" wala "niletee". Nilimwapia pale pale kwamba Si Ijo itamfikisha bomani bila kukohoa. Ni kilomita thelathini na mbili, na katikati kuna mlima ambao gari lisilo na oili haliupandi. Linajifia hapo hapo, na haji anashushwa kando ya barabara na kofia yake mpya, mbele ya pikipiki arobaini zinazomsindikiza.

Basi Jumatano ile ile nikalala chali chini ya Si Ijo nikamwaga oili yote kwenye beseni, nikafungua sampu, lile bakuli la chuma lililo chini kabisa ya injini ambamo oili hukaa. Linashikiliwa na boliti kumi na nane, na kati yake na injini hukaa gasketi, ule ukanda wa kuzuia oili isivuje. Kumi na saba unaziona. Ya kumi na nane, ile ya nyuma kushoto, imejificha juu ya fremu, na fundi asiyelijua gari hili anaweza kuitafuta mpaka azeeke.

Sampu ikashuka. Nikaipangusa, nikaiweka kwenye kioo nipime ukingo wake kama umenyooka, na kichwa kikaniwaka moto. Ukingo wote ulikuwa umepinda, unapanda na kushuka mithili ya bati la paa. Hilo halitokei lenyewe. Hutokea pale mtu anapokaza boliti kupita kiasi, tena na tena: bati jembamba linazama kwenye kila tundu, linainuka kati ya tundu na tundu, gasketi inabanwa huku na kulegea kule, na oili inajipatia njia yake.

Mtu alikuwa amekaza boliti zangu. Siyo mara moja. Mtu alikuwa amezikaza kwa miaka.

Jioni, kwenye chakula, niliuliza wazi. "Nani amekuwa akikaza boliti za Si Ijo?"

Wiryanto akanywa maji. Chakula chenyewe hakikuwa na chumvi hata kidogo.

"Mas Wir, nakuuliza."

"Kuna uwezekano," akasema mume wangu, akiutazama mchuzi wa fenesi kana kwamba jibu limo humo, "kwamba jambo hili lina sababu nyingi."

"Taja moja."

"Labda mtikisiko wa barabara, Nduk," akaingilia Mzee Sastro kwa sauti yake ya taratibu. Nduk ndivyo wazee wa hapa wanavyomwita binti yao, na yeye hajawahi kuniita vingine.

"Barabara haikazi boliti, Bapak. Barabara inalegeza."

"Ndiyo, ndiyo. Kweli kabisa," akasema, akanisogezea sahani ya tempe, vile vipande vya soya vya kukaanga.

Nilimshuku fundi wa kijiji cha pili, nikamshuku binamu wa basi la viyoyozi, nikamshuku hata mume wangu, ambaye hajui spana inashikwa upande gani. Ninachokiona sasa, na kinaniuma, ni hiki: kila nilipompeleka mteja mpya uani kwa mzee nikamwambia "lala chini uone kazi yangu," palikuwa pakavu, panang'aa. Oili ya Si Ijo mzee alipenda kuibadilisha mwenyewe. "Acha, Nduk, mimi mstaafu, hayo ndiyo mazoezi yangu." Nami nilimwachia, nikidhani namheshimu. Kilichobadilika ni kwamba wiki mbili zile mzee alikuwa akishinda kwenye mafunzo ya hija, akizunguka Kaaba ya mbao kwenye uwanja wa shule.

Alhamisi nilifanya kazi iliyonipa heshima yangu. Niliulaza ukingo wa sampu juu ya gogo nikaugonga kwa nyundo ndogo, kituta kwa kituta, mpaka ukarudi karibu na kunyooka. Nilikwangua gasketi ya zamani yote. Nikalaza sampu juu ya shiti ya kizibo, ile karatasi nene laini ya kukatia gasketi, nikaichora kwa kalamu, nikaikata, nikatoboa matundu kumi na nane kwa kipande cha bomba kilichonolewa. Nikapaka silikoni nyembamba, ile gundi ya kuzibia, nikapandisha, nikazungusha boliti zote kwa vidole kwanza, halafu kwa spana fupi, moja huku na nyingine upande wa pili, kidogo kidogo, kama alivyonifundisha baba yangu kwenye malori ya kwetu Panyabungan. Pale boliti inapokujibu, unaacha. Haitaki ubabe.

Silikoni inahitaji kutulia siku nzima kabla ya kutiwa oili. Kwa hiyo Ijumaa asubuhi, nikijiandaa kwenda mjini kununua oili, nilimwita Wiryanto.

"Mas, leo huna kipindi. Kaa hapa. Mtu asiguse Si Ijo."

"Asiguse kabisa?"

"Hata kwa macho asiitazame sana."

"Sawa," akasema. Na mimi, mjinga, nikaondoka.

Lazima niseme kwamba Ijumaa hiyo Pak Sumarjono alikuwa ameitisha kazi ya pamoja. Hapa kwetu mjumbe akitangaza kwenye kipaza sauti cha msikiti, kila nyumba inatoa mtu: wanafagia barabara, wanafyeka, wanajenga lango la mianzi, wanawake wanapika. Mtu asiyetokea hasemwi kitu, ila atapelekewa chakula nyumbani kwa huruma, na hakuna adhabu inayouma kuliko hiyo. Na kazi hii ilikuwa ya kumsindikiza haji. Kila mtu alitaka awe na mkono wake ndani, apate na baraka zake.

Niliporudi na dumu la oili saa nne na nusu, barabara ilikuwa imefagiwa mpaka imechubuka. Lango la mianzi lilikuwa limesimama. Na uani kwa mzee kulikuwa na foleni.

Walikuwa wamejipanga kwa adabu, wanaume kwa wanawake, misuli waliyojifunga kiunoni imekunjwa, kofia nyeusi kichwani, wengine na sigara zao za karafuu zinanukia. Mwanzo wa foleni kulikuwa na mkeka uliotandikwa chini ya Si Ijo. Miguu miwili ilichomoza. Pembeni amesimama Pak Sumarjono na daftari.

"Nyumba ya kumi na tisa," akasoma. "Karibu sana."

"Tafadhali, Pak Darto kwanza, yeye mkubwa wangu."

"Hapana, wewe umetangulia kufika."

"Nimetangulia kwa bahati tu."

Walibembelezana hivyo kama dakika mbili, spana ikienda na kurudi kati yao kwa mikono miwili miwili, mpaka nilipopata sauti.

"MNAFANYA NINI?"

Foleni yote ikageuka, ikaniinamia kidogo, ikatabasamu.

"Ah, Mbak Mida, umefika wakati mzuri," akasema mjumbe. "Gari limekwisha kuoshwa, watu wakauliza kumebaki nini. Tukaona boliti ni kumi na nane. Nyumba ni ishirini na saba. Basi tumegawana: kila nyumba izungushe kidogo tu, mchango wake kwa safari ya mzee."

"Ishirini na saba juu ya kumi na nane!"

"Zile tisa za mwanzo zitapata wawili wawili," akasema kwa fahari. "Haki bin haki."

Miguu iliyokuwa chini ya gari ikaanza kujivuta. Akatoka Mbah Painem, mjane, nadhani ana miaka themanini na zaidi, nywele zimejaa vumbi, amechangamka kama bibi harusi. "Yangu ilikuwa imelegea, mwanangu," akaniambia. "Nimeikaza kwa mikono miwili. Na nyingine nimeikaza kwa ajili ya marehemu."

Ungemgombeza vipi mtu kama huyo? Nikamgeukia mume wangu, aliyekuwa akijificha nyuma ya birika la chai.

"Nilikwambia nini, Mas?"

"Niliwaambia nadhani labda ingekuwa vizuri tukisubiri kidogo."

"Wakasemaje?"

"Wakanishukuru."

"Na hiyo boliti ya nyuma, ya kwenye fremu, wameipataje? Wewe huijui!"

"Baba ndiye aliyewaonyesha," akasema Wiryanto, na hapo hapo akanywa chai ya moto, ikamuunguza. Hasira ilikuwa imeniziba masikio, sikulitilia maanani neno hilo.

Nikapiga magoti. Kizibo kilikuwa kimebanwa mpaka kimechomoza nje kama ulimi wa mbwa mwenye kiu. Upande wa kulia kilikuwa kimepasuka vipande vitatu. Hapo nikasema niliyoyasema. Sitayarudia yote. Nilisema kwa sauti ya Mandailing, ya kuita mtu ng'ambo ya mto. Nilisema kwamba gasketi si pilau ya kila mtu kuonja. Nilisema mkono wa mtu mmoja unatosha, na huo mmoja ni wangu. Nilisema kesho saa mbili asubuhi mzee anatakiwa aondoke na gari hili, na baraka zao zimelipasua.

Mmoja mmoja wakaweka vikombe chini kwa upole, wakaniinamia, wakaenda kujiandaa na swala ya Ijumaa. Baada ya nusu saa sahani ya kwanza ya chakula ilifika, imefunikwa jani la mgomba. Mpaka alasiri zilikuwa sahani kumi na nne. Nilihuzunika kiasi cha kuzitazama tu.

Kizibo kilichobaki kilikuwa nusu shiti. Niliikata gasketi vipande viwili, nikaviunganisha kwa meno yanayoingiana, nikapaka silikoni kwenye maungio. Sampu nikaigonga tena, ingawa safari hii bati lilikuwa limechoka na halikutaka kunisikiliza. Saa kumi nilikuwa chini ya Si Ijo, naipandisha, nikijua kabisa kwamba haitapata muda wa kutulia. Nilikuwa naogopa. Akilini nilimwona mzee kando ya barabara, pale mlimani, akisema "hapana neno, Nduk, hali ya hewa nzuri," na nilijua kwamba ndivyo atakavyosema, na sitajisamehe maisha.

Ndipo nikaona makubazi ya ngozi yakisimama karibu na tairi. Kisha kigoda kikashushwa, na mzee akakaa. Kutoka nilipolala nilimwona magoti tu na mikono iliyopangwa juu yake.

"Nduk."

"Naam, Bapak. Kama ni chakula, kimejaa."

"Si chakula. Nimekuja kuomba radhi."

Nilikuwa nimesahau. Anayekwenda hija hapa huzunguka nyumba kwa nyumba kuomba radhi, maana anaweza asirudi. Mzee alikuwa amezunguka tangu Jumatatu, ameomba radhi hata kwa mwenye duka, kwa kuwahi kumfikiria vibaya kuhusu sukari. Nyumba yake mwenyewe aliiacha ya mwisho.

"Nimekwisha kukusamehe, Bapak. Hujanikosea kitu."

"Nimekukosea." Akakisogeza kigoda karibu. "Ilivuja tangu wiki ya kwanza."

"Nini kilichovuja?"

"Gasketi yako."

Nikainuka bila kufikiri, nikagonga paji la uso kwenye fremu. "Samahani," akasema mzee, kana kwamba fremu ni yake. Na kweli ilikuwa yake.

"Tone moja tu kwa usiku, Nduk. Tena dogo. Niliweka kopo la biskuti chini, nikawa naliondoa alfajiri kabla hujaamka. Alhamisi, ukienda sokoni, nilikuwa napangusa na kukaza kidogo. Boliti ya nyuma ilinisumbua mwaka mzima, mpaka nikaizoea kwa kupapasa."

"Miaka kumi na moja, Bapak?"

"Isipokuwa Alhamisi za sikukuu."

"Kwa hiyo sampu umeipinda wewe."

"Nimeipinda mimi."

"Kwa spana gani?"

Akajibu kwa sauti ya chini kabisa, "Ya baiskeli."

Naapa hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. "Ya baiskeli! Kwa nini hukuniambia? Neno moja tu! Ningeifungua siku ile ile!"

Mikono ikahama juu ya magoti.

"Ulikuwa na miezi minne hapa," akasema. "Ulikuwa hucheki. Watu walisema mke wa Wir ana sauti kubwa, na hakuna aliyekuletea gari, kwa kuwa mwanamke, kwa kuwa mgeni. Nikakupa Si Ijo. Ulipomaliza, ulitoka chini umejaa oili mpaka kwenye nyusi, ukasimama uani ukawaita majirani, njooni muone, haivuji! Ukacheka. Mama yenu alikuwa dirishani, akaniambia, kumbe mtoto huyu anacheka." Akavuta pumzi. "Nami nikatoka nikawaambia watu kwenye mfereji, kwenye msikiti, kila mahali: gari langu halivuji, binti yangu ni fundi. Wiki hiyo hiyo Sumarjono akakuletea mashine yake ya kukoboa mpunga. Ningesema nini tena, Nduk? Nilikuwa nimekwisha kusema haivuji. Ikabidi nihakikishe."

Nililia. Sioni sababu ya kuficha. Nililia chali, na mtu akilia chali machozi yanaingia masikioni, nikawa nasikia kila kitu kama niko ndani ya pipa. Miaka yote nilidhani mkono wangu ndio uliowashinda watu hawa. Kumbe alikuwa mzee na kopo la biskuti.

"Umenisamehe?" akauliza. "Siwezi kwenda kule na uongo huu begani. Ni mzito, halafu wameruhusu kilo thelathini na mbili tu."

"Nisamehe wewe, Bapak," nikasema. "Na usinichekeshe, nimeshika sampu."

Nikamwambia alale chini. Akakunja msuli, akajisogeza kwenye mkeka kando yangu, magoti yanalia. Nikampa spana fupi. Boliti kumi na saba nilikaza mimi. Ya nyuma kushoto nilimwachia, na mkono wake ukaenda moja kwa moja bila kupapasa.

"Polepole," nikamwambia. "Sasa inakujibu. Umeisikia? Acha."

"Hapa tu?"

"Hapo tu."

"Kumbe ni kidogo hivi," akasema, na alionekana amehuzunika kweli.

Jumamosi alfajiri nilitia oili, na saa mbili msafara ulitoka. Mzee alikaa mbele na kofia yake mpya, mimi nikashika usukani, Wiryanto nyuma na mabegi na sahani ambazo hatukuzimaliza. Pikipiki zilikuwa arobaini na moja, moja imempakia Mbah Painem na miwani ya jua. Macho yangu yalikuwa kwenye taa ya oili kuliko barabarani. Mlimani nilikuwa nimeshika usukani mpaka vidole vimekufa ganzi, nasoma kila dua niliyofundishwa na nyingine za kujitungia. Taa haikuwaka. Si Ijo ilipanda, ikashuka, ikaingia uwanja wa boma chini ya bendera, na mzee akashuka kwa mlango wake mwenyewe na kuupapasa mara moja, kama mtu anayemuaga mwenzake.

Alipokwisha kupanda basi, nikainama.

Tone moja lilikuwa linaning'inia kwenye kona ya kulia, pale nilipounganisha vipande. Likanenepa, likadondoka kwenye saruji nyeupe ya boma.

Nikainua kichwa. Mtaa mzima ulikuwa umenizunguka, nyumba ishirini na saba, na wote walikuwa wameliona. Kwa pamoja, bila kupeana ishara, wakatazama juu. Mmoja akaanza kuzisifu bendera. Walifanya haraka mno, kwa wepesi wa watu waliofanya hivyo mara nyingi, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba walijua. Wote, tangu mwanzo. Nikakumbuka ile mashine ya Pak Sumarjono, na pumba anazozitandaza chini yake kila siku, anazosema ni za kuku. Pak Sumarjono hafugi kuku.

Dirisha la basi likafunguliwa. Mzee akatoa kichwa, injini ya basi ikiwa tayari inanguruma.

"Nduk! Si Ijo vipi?"

Pak Sumarjono akapiga hatua moja, akaweka kubazi lake jeupe, lile alilolisugua kwa siku mbili, juu ya doa. Akatabasamu.

Mimi sisemi uongo. Nimegombana na mashemeji, na mawifi, na imamu mmoja, kwa sababu sisemi uongo. Nikajifuta mikono kwenye gauni langu jipya.

"Kavu, Bapak!" nikapaza sauti. "Kavu kabisa!"

Mzee akanitazama, akalitazama kubazi la mjumbe, akanitazama tena. Alicheka mpaka akashika kofia isianguke, na basi likaondoka naye bado anacheka.

"Hali ya hewa nzuri leo," akasema Pak Sumarjono kando yangu.

"Nzuri sana, Pak," nikamjibu. Jioni nilipofika nyumbani nililitafuta lile kopo la biskuti, nikalikuta nyuma ya tangi la maji, nikaliweka chini ya Si Ijo.